“M kama Maria” au “Mike”? Ulinganisho wa njia za kutaja herufi kwa sauti

Chukua msimbo wa tiketi, tuseme VPDB6M, umsomee mtu kwenye simu huku kelele zikiendelea. Ukizitaja herufi kwa majina yake ya Kiingereza, kama wengi tulivyozoea, sikio la upande wa pili litapokea “vi, pi, di, bi”. Hizo ni sauti nne zinazoishia kwa irabu ileile na kutofautiana kwa mshindo mfupi tu wa mwanzo, na mshindo huo ndio unaopotea kwanza. Simu ya kawaida iliundwa kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na hezi 3400, ilhali sehemu kubwa ya kinachotofautisha F na S iko juu ya kiwango hicho. Simu za sasa zenye sauti pana hufika hezi 7000 na zimepunguza tatizo, lakini upepo, injini, kipaza sauti kibovu na msikilizaji aliyechoka bado wapo.

Anayezungumza Kiswahili ana mtego mwingine juu ya huo. Kwa Kiingereza, E hutajwa “i” na I hutajwa “ai”. Basi mtu akikwambia “i”, ameitaja I kwa Kiswahili au E kwa Kiingereza? R ya Kiingereza nayo husikika “aa”, yaani A yetu. Watu wawili wanaoelewana vizuri kabisa katika mazungumzo wanaweza kuandikiana jina vibaya mara mbili mfululizo, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amesikia sawa. Ndiyo maana kutaja herufi peke yake sikuweki katika ulinganisho huu kama njia ya kuchagua. Inafaa chumbani, uso kwa uso, kwa jina fupi, basi.

Dawa inajulikana: badala ya herufi, taja neno linaloanza na herufi hiyo. Ugomvi uko kwenye maneno yenyewe. Yapo ya kubuni palepale, zipo orodha za miji, ipo orodha ya polisi wa Marekani, na ipo ile ya marubani inayoanza na Alfa na Bravo. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji aupime njiani: kinacholeta uwazi ni orodha iliyofungwa, ambayo msikilizaji anajua kuwa hakuna neno lingine litakalokuja nje yake. Uzuri wa neno moja moja unafuata nyuma ya hilo.

Maneno ya kubuni palepale

“M kama Maria, S kama Salma.” Njia hii ina sifa moja kubwa ambayo orodha zote rasmi zinaikosa: haihitaji mafunzo upande wowote. Neno “kama” linamweleza msikilizaji, hata aliye mgeni kabisa wa mambo haya, kwamba anatakiwa kuchukua herufi ya kwanza tu na kuliacha jina. Kwa mtu anayetaja jina lake la ukoo mara moja kwa mhudumu asiyemjua, mara nyingi hiyo inatosha.

Udhaifu wake unaonekana pale msimbo unaporefuka au laini inapoharibika. Neno linalokujia kichwani chini ya shinikizo huwa ni la kwanza, na la kwanza mara nyingi si zuri. Wengi wametaja “D kama Dina” na “T kama Tina” katika jina moja bila kugundua kwamba wamerudi walikotoka. “M kama Mina” na “N kama Nina” ni hivyohivyo. Kosa la pili ni jina ambalo sauti yake ya mwanzo hailingani na herufi. “P kama Philip” humfanya msikilizaji asikie F. “C kama Cecilia” humpa S, na “G kama George” humpa J. Kisha yapo majina ambayo kila nyumba huyaandika kivyake: Khadija au Hadija, Katarina au Catherine, Filipo au Philip. Ukisema “K kama Khadija”, kwa aliyezoea kuandika Hadija umemwongezea mashaka badala ya kumpunguzia.

La tatu ndilo zito zaidi. Sauti ikikatika na msikilizaji akapata “...ria” peke yake, alichokosa kinaweza kuwa Maria, Gloria au Victoria, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwa huru kuchagua jina lolote duniani. Hana cha kujazia pengo. Kwenye orodha ya marubani, “...ango” haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa Tango, na “...trot” haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa Foxtrot. Nusu ya neno inatosha, mradi wote wawili mnaijua orodha.

Kama utabaki na njia hii, basi usibuni palepale. Mambo tunayotaja herufi kwa herufi ni machache na hujirudia: jina la ukoo, anwani ya barua pepe, namba ya kitambulisho. Yatafutie maneno leo, yaandike, yatumie hayohayo kila mara. Hapo utakuwa umejifungia orodha ndogo ya upande wako, japo mwenzako haijui.

Orodha za miji

Wazo la kutumia miji lina mantiki nzuri. Mji mkubwa unajulikana na wengi, jina lake haligeuki sana kutoka lugha moja hadi nyingine, na halimhusu mtu fulani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikuwa na orodha ya namna hiyo mwaka 1932: Amsterdam, Baltimore, Casablanca, na kuendelea hadi Yokohama na Zurich. Waitaliano wanaendelea na miji yao mpaka leo kwenye simu: Ancona, Como, Domodossola, Empoli, Firenze, Genova.

Wajerumani wameingia humo hivi karibuni, na sababu yao inafaa kujulikana na yeyote anayefikiria kutunga orodha ya majina ya watu. Orodha yao ya zamani ilikuwa ya majina ya watu, na mwaka 1934 utawala wa Kinazi uliyaondoa yale ulioyahesabu kuwa ya Kiyahudi. David akawa Dora, Jakob akawa Jot, Nathan akawa Nordpol, Samuel akawa Siegfried, Zacharias akawa Zeppelin. Baada ya vita baadhi yalirudishwa, lakini Dora na Nordpol yalibaki kutumika kwa miongo mingi. Mwaka 2022 kiwango rasmi cha Ujerumani, DIN 5009, kilitolewa upya kikiwa na miji kwa matumizi ya ofisi na biashara: Aachen, Berlin, Chemnitz, Düsseldorf, Essen, Frankfurt. Jina la mtu hubeba kabila, dini na ukoo wake, hata pale unapotaka libebe herufi tu. Mji una mzigo mwepesi zaidi.

Pamoja na hayo, orodha ya 1932 siipendekezi kwa mtu wa leo. Maneno yake ni marefu: Casablanca, Madagascar na Jerusalem yana silabi nne kila moja, na mtu mwenye msimbo wa herufi kumi atachoka kabla hajamaliza. Tena miji iliwaishia. Edison si mji waliouchagua kwa ukubwa wake, Kilogramme ni kipimo, na kwenye X waliweka Xanthippe, mke wa Sokrates. Wachache sana wanaikumbuka, kwa hiyo faida ya orodha iliyofungwa haipo tena. Ni neno moja tu lililohamia kwenye orodha ya marubani bila kubadilika, nalo ni Quebec.

Orodha ya polisi wa Marekani

Adam, Boy, Charles, David, Edward. Vikosi vingi vya polisi vya Marekani huitumia kwenye redio zao. Ni fupi na ya haraka, na kwa mwenye Kiingereza cha nyumbani haina shida. Kwa sisi wengine ina maneno mengi mno ya silabi moja, Boy, Frank, John, King, Paul, Sam, Tom, na neno la silabi moja likimezwa na kelele halibakizi kitu. Ichague tu ukijiunga na kikosi kinachoitumia tayari.

Orodha ya marubani

Hii ndiyo inayoitwa na wengi “alfabeti ya NATO”, ingawa iliyoibeba hadi mwisho ni ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kabla yake, majeshi ya Marekani yalikuwa na orodha ya mwaka 1941, Able, Baker, Charlie, Dog, iliyotungwa kwa masikio ya wenye Kiingereza. R yake ilikuwa Roger, na kwa kuwa R ilisimama badala ya “received”, yaani “nimepokea”, marubani wanasema Roger hadi leo ijapokuwa R imekuwa Romeo zamani.

Ndege zilipoanza kuvuka mipaka kwa wingi baada ya vita, ilihitajika orodha ambayo wenye Kiingereza, Kifaransa na Kihispania wangeweza kuitamka na kuisikia. Jean-Paul Vinay, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Montréal, alifanya kazi hiyo na ICAO, na orodha ya kwanza ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1951. Haikudumu. Delta na Extra zilichanganywa, Nectar na Victor zilichanganywa, na maneno mengine yalizama redio ilipokuwa mbovu. Majaribio yakafanywa upya na wasemaji kutoka mataifa 31, yakabadilishwa maneno ya herufi tano tu, C, M, N, U na X, na orodha tuliyo nayo ikaanza rasmi tarehe 1 Machi 1956.

Katika majaribio hayo kuna jambo moja ambalo kwangu linamaliza ubishi wote. Neno “football” likitamkwa peke yake lilieleweka vizuri kuliko “foxtrot”. Lakini katika mazungumzo marefu, likiwa pamoja na maneno mengine ya orodha, foxtrot ndilo lililoshinda. Waliochagua hawakuuliza neno gani ni zuri, waliuliza neno gani linajitenga na yale mengine 25. Hilo hakuna mtu anayeweza kulifanya kichwani huku akiwa ameshika simu.

Hata maandishi yake yalifikiriwa. Alfa huandikwa kwa F kwa sababu “ph” si kila lugha huisoma hivyo. Juliett ina T mbili ili Mfaransa asiimeze ile ya mwisho. Charlie inaruhusiwa kutamkwa “Sharli”, na Uniform inaruhusiwa kuanza na “u” badala ya “yu”.

Hizi hapa orodha tatu kando kwa kando, pamoja na matamshi ya karibu ya ile ya marubani kwa tahajia yetu:

| Herufi | Marubani | Matamshi | Polisi | Miji, 1932 |
|---|---|---|---|---|
| A | Alfa | alfa | Adam | Amsterdam |
| B | Bravo | bravo | Boy | Baltimore |
| C | Charlie | chali | Charles | Casablanca |
| D | Delta | delta | David | Danemark |
| E | Echo | eko | Edward | Edison |
| F | Foxtrot | fokstrot | Frank | Florida |
| G | Golf | golf | George | Gallipoli |
| H | Hotel | hotel | Henry | Havana |
| I | India | india | Ida | Italia |
| J | Juliett | juliet | John | Jerusalem |
| K | Kilo | kilo | King | Kilogramme |
| L | Lima | lima | Lincoln | Liverpool |
| M | Mike | maik | Mary | Madagascar |
| N | November | novemba | Nora | New York |
| O | Oscar | oska | Ocean | Oslo |
| P | Papa | papa | Paul | Paris |
| Q | Quebec | kebek | Queen | Quebec |
| R | Romeo | romeo | Robert | Roma |
| S | Sierra | siera | Sam | Santiago |
| T | Tango | tango | Tom | Tripoli |
| U | Uniform | yunifom | Union | Upsala |
| V | Victor | vikta | Victor | Valencia |
| W | Whiskey | wiski | William | Washington |
| X | X-ray | eksrei | X-ray | Xanthippe |
| Y | Yankee | yanki | Young | Yokohama |
| Z | Zulu | zulu | Zebra | Zurich |

Angalia Quebec: hutamkwa “kebek”, si “kwebek”. Hotel mkazo wake uko mwishoni. Mengi ya mengine yanakaa kwenye ulimi wa Mswahili bila taabu, kwa kuwa yanaishia kwa irabu na silabi zake ni nyepesi: Alfa, Bravo, Kilo, Papa, Romeo, Zulu. Orodha hii haikutungwa kwa ajili yetu, lakini hakuna orodha ya kigeni iliyo karibu nasi zaidi.

Hasara yake kubwa ni msikilizaji asiyeijua. Umwambie mhudumu “Papa, Mike”, na kuna uwezekano wa kweli akaandika Papa Mike kwenye sehemu ya jina. November nayo ina hatari yake: “November, tano” inaweza kuandikwa kama tarehe. Na wakati mwingine mazingira hukataa neno. Kwenye uwanja wa ndege wa Atlanta, ambako ndege za kampuni ya Delta zimejaa, njia ya D ya kupitia ndege ardhini iliwahi kuitwa Dixie ili jina la njia lisichanganywe na jina la kampuni.

Hasara hiyo inatibika kwa kuazima neno dogo kutoka njia ya kwanza. Ukiongea na usiyemjua, sema “P kama Papa, M kama Mike”. Maneno ni ya orodha iliyopimwa, na “kama” inamwelekeza mgeni. Anayeijua orodha atatambua mara moja na mtaendelea kwa kasi bila “kama”. Asiyeijua hatapotea. Kwa simu za kila siku, mimi naiweka njia hii mbele ya zote.

Vipi kutunga orodha ya Kiswahili?

Kikundi kinachotumia redio za upepo na kuzungumza Kiswahili tu kina haki ya kuuliza. Nimelitamani jambo hili kwa moyo wote, na linawezekana, ila lina vikwazo ambavyo mtungaji lazima avione kabla hajaanza.

Cha kwanza: Kiswahili sanifu hakina Q wala X, na C hupatikana ndani ya CH tu. Misimbo, nywila na namba za usajili zimejaa herufi hizo. Utalazimika kuazima kwa herufi hizo hata kama mengine yote ni ya nyumbani.

Cha pili ni mahadhi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa ushairi ni neema, kwa redio mbovu ni tatizo, maana kelele zikila konsonanti, maneno mawili ya silabi mbili hubaki na umbo lilelile. Orodha ya marubani ina Golf la silabi moja, Foxtrot lenye konsonanti nzito pande zote, Hotel lenye mkazo mwishoni, November lenye mkazo katikati. Sikio linatambua umbo hata kabla ya sauti.

Cha tatu, maneno yetu mengi huanza kwa konsonanti zilizobanana. “Mti” kwa M na “ndege” kwa N ni uchaguzi mbaya, kwa kuwa sauti unayotaka isikike ndiyo inayomezwa. “Meza” na “nuru” ni bora zaidi: herufi imekaa mbele ya irabu na inasikika. Fuata kanuni hiyo kwa herufi zote, epuka maneno yanayoachana kwa sauti moja, kisha peleka orodha kwenye redio yenyewe, katika kelele mtakazofanyia kazi, mtu wa kusoma asionwe midomo na mtu wa kuandika. Soma kwa mpangilio wa kuruka-ruka. Jozi yoyote itakayochanganywa, badilisha neno moja, rudia. Kikundi kisicho tayari kufanya jaribio hilo kichukue orodha ya marubani, ambayo imeshajaribiwa na wengine kwa niaba yake.

Tarakimu, ambako makosa mengi hutokea

Watu hujifunza Alfa hadi Zulu kisha wanaisoma namba ovyo. Kwa Kiswahili hapa pana hatari tatu ambazo sijaona zikizungumzwa vya kutosha.

Sita na tisa zina irabu zilezile na konsonanti zilezile, S na T, zilizobadilishana nafasi tu. Sauti ikikatika sekunde moja, hakuna awezaye kusema ni ipi. Nne na nane, tatu na tano, zinafuata kwa ukaribu. Pia “kumi na sita” na “sitini” ni rahisi kuchanganya, kwa hiyo namba isomwe tarakimu moja moja: moja, sita.

Hatari ya pili inatoka kwenye sarufi. Kwetu idadi huja baada ya kitu. Ukisema “sifuri tatu”, msikilizaji anaweza kuandika 03 au 000, na zote mbili ni Kiswahili safi. “M mbili” inaweza kuwa MM au M2. Usihesabu tarakimu wala herufi zinazojirudia, zirudie tu: “sifuri, sifuri, sifuri”, “Mike, Mike”.

Ya tatu ni kuchanganya lugha katikati ya namba, “saba, tisa, fo, eit”. Kila ubadilishaji unamlazimu msikilizaji aanze upya. Chagua lugha moja mwanzo na umalize nayo.

Kwa Kiingereza pia kuna matengenezo. ICAO huagiza 3 isemwe “tri”, 5 “faif”, 4 “foa” kwa silabi mbili, na 9 “naina”, kwa sababu “five” na “nine” hugongana redioni. Kanuni za redio za ITU zina maneno mengine kwa mabaharia: nadazero, unaone, bissotwo, terrathree, kartefour, pantafive, soxisix, setteseven, oktoeight, novenine. Yanaunganisha neno la asili ya Kilatini au Kigiriki na lile la Kiingereza ili asiyeshika nusu moja ashike nyingine. Ni ya busara, lakini ni mazito, na kwa simu ya kawaida sioni haja yake. Kwa Kiswahili inatosha kusoma polepole, kukata namba katika mafungu ya tarakimu tatu, na kumwomba mwenzako arudie.

Kurudia huko ni sehemu ya njia yenyewe. Rubani akipewa kibali hukisoma tena, na mwongoza ndege ana wajibu wa kumsikiliza badala ya kuendelea na jambo lingine. Kwenye simu pia, usiseme “ndiyo, ndiyo” mwenzako akirudia. Fuata kwa kidole kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kukiwa na kosa, sema “sahihisho” na uanze kutoka herufi ya mwisho iliyokuwa sawa.

Uchague ipi

Unatoa jina lako kwa mtu mmoja, laini ni safi: “M kama Maria” inatosha, ukiwa na maneno uliyoyaandaa. Unatoa msimbo, namba ya usajili au anwani ya barua pepe kwa usiyemjua: “kama” pamoja na maneno ya marubani. Unafanya kazi ya redio, angani, baharini au katika uokoaji: maneno ya marubani matupu, na kabla ya kuanza sema “nataja herufi” ili ajue kinachofuata si sentensi. Kikundi chenu kina orodha yake inayofanya kazi: ibaki, mradi kila mgeni afundishwe siku ya kwanza.

Barua pepe na nywila zina alama ambazo orodha yoyote hapa haizitaji. Kubalianeni kwamba “nukta”, “kistari” na “mstari wa chini” ni alama, na sema “herufi kubwa” kabla ya kila herufi kubwa, si mwishoni mwa neno. Pale panapowezekana kutuma maandishi, tuma maandishi. Na msimbo wa siri uliotumiwa kwenye simu yako usimtajie yeyote aliyekupigia yeye, kwa orodha yoyote ile.